Matonga: usisage na mbegu, nakusihi

Mkuu, zima blenda kwanza. Umeuliza juisi ya matonga, yale matunda pori ya miomboni, na mizizi yake kama dawa ya tumbo, ila ulipoandika "nasaga nyama na mbegu, halafu nachuja" nimeshtuka. Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Nilitoka Sikonge, kule Tabora, na gunia zima. Ganda la tonga gumu kama kibuyu, nikapasua kwa nyundo, nikakomba ile nyama ya njano, nikatupa vyote kwenye blenda. Kuna muuza dawa za asili aliniambia, "Mbegu ndizo zenye nguvu, kijana, usizitupe." Nguvu kweli! Juisi ilikuwa chungu, uchungu ule unaong'ang'ania nyuma ya ulimi hata ukisukutua. Mtu mwenye akili angemwaga. Mimi nikaongeza asali, nikanywa glasi ya pili. Haikupita saa nikaanza kutapika, mwili unatetemeka, taya limekaza. Nililala hospitali na dripu mkononi, mke wangu pembeni ananiuliza kama nguvu zimeshaingia. Bili ile ingenunua blenda nyingine tatu. Yule mzee wa dawa hapokei simu mpaka leo, labda naye alizinywa.

Mtonga ni ndugu wa ule mti wa Asia unaotoa strikinini, sumu iliyokuwa ikiulia panya. Nyama ikiiva haina neno, watu wa miomboni wanaila miaka yote, lakini wanafyonza na kutema mbegu. Mtoto wa miaka sita kule kijijini ananizidi akili. Blenda inazipasua, na chujio linashika makapi tu. Uchungu ulishayeyuka humo.

Chukua yaliyoiva, ganda limegeuka njano. La kijani liache. Tia nyama kwenye beseni na maji, kanda kwa mkono kama unavyokanda ukwaju mpaka mbegu ziteleze zenyewe, nzima, kisha chuja. Nyama hiyo hiyo wengine huchanganya na asali kwa kikohozi, hilo sina ugomvi nalo. Mizizi wapo wanaochemsha, ila mimi na dozi za kuambiwa tumeachana.

Na kabla hujampa mtu yeyote, onja kijiko kimoja. Kikiwa kichungu, mwaga beseni lote. Asali weka pembeni kabisa.