Nilijifunza kuandika barua pepe za mauzo kwa daftari na kalamu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arua aliniandikia hivi: "Dada, nimelipia kozi mbili za kuandika barua pepe za mauzo, vyeti vyote viwili ninavyo, lakini nikikaa kuandika mkono unaganda. Wewe ulisomea wapi?" Nilidhani ningemjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta nimefika ukurasa wa tatu. Nimeona heri jibu hilo nilitoe hapa, kwa kuwa walio katika hali yake ni wengi, na kwa kuwa swali lake liligusa mahali ambapo bado pananiuma.

Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kunakili barua za watu wanaoijua kazi hii, neno kwa neno, kwa kalamu ya biki, katika daftari la shule la kurasa 96. Nilianza kufanya hivyo baada ya kufedheheshwa mbele ya wenzangu wote.

Wakati huo nilikuwa karani katika kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, hapa Kampala. Wateja wetu karibu wote tuliwapata Facebook. Wiki ile ya uchaguzi mkuu wa Januari 2021 mitandao ya kijamii ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kama tano, na iliporudi, Facebook haikurudi nayo. Bosi wetu akakumbuka kwamba tulikuwa na anwani za barua pepe za wageni wetu wa miaka iliyopita, zaidi ya elfu moja, zimelala tu kwenye kompyuta. Akaniambia niwaandikie. Nilifurahi mno, kwa sababu tangu nilipokuwa sekondari nilitaka kuishi kwa kuandika, na hii niliiona ndiyo nafasi yenyewe.

Wakati huo nilikuwa nikipokea barua za mfanyabiashara mmoja wa Marekani ambaye aliuza mafunzo kwa kishindo kikubwa. Nilizipenda. Nikachukua mojawapo, nikaondoa bidhaa yake, nikaweka safari yetu ya gorila wa milimani kule Bwindi, nikaacha mengine yote kama yalivyokuwa. Niliiandika kwa Kiingereza, kwa Kiswahili kichwa chake kingesomeka, "SAA SITA TU ZIMEBAKI!", na chini yake palikuwa na maneno ya kumwambia msomaji kwamba akichelewa atajuta maisha yake yote. Nikaituma kwa wote kwa mpigo mmoja, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zimefunga au zimebana mipaka yake kwa sababu ya Covid.

Majibu yalikuja machache, na moja lilitoka kwa mzee ambaye miaka miwili kabla alikuja Bwindi na mkewe. Aliandika kwamba mkewe alifariki mwaka uliotangulia, kwamba picha ya siku ile msituni iko juu ya meza yake ya kulia chakula, na kwamba barua yangu ilimsemesha kama mtu aliyechelewa basi. Hakutukana. Aliomba tu jina lake liondolewe katika orodha yetu.

Bosi aliisoma barua hiyo kwa sauti kwenye kikao cha Jumatatu. Aliisoma yote, polepole, kisha akasema mimi nirudi kwenye risiti na kazi ya kuandika waachiwe wanaoiweza. Watu kumi na mmoja walikuwa mezani. Nakumbuka nilikuwa nikitazama kikombe changu cha chai na utando uliokuwa ukijikusanya juu ya maziwa. Barua ilikuwa mbaya, na hilo nalikubali hadi leo. Lakini kumfundisha mtu si kumvua nguo mbele za watu, na kama wewe unaongoza vijana mahali popote nakuomba ulikumbuke hilo.

Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Niliacha kazi, nikarudi kwa mama, nikafanya vibarua vya kuchapa nyaraka.

Lililonitoa hapo ni kusoma habari za Gary Halbert, Mmarekani aliyefariki mwaka 2007, ambaye waandishi wengi wa matangazo humhesabu kuwa mwalimu wao. Yeye aliwahimiza wanafunzi wake wanakili kwa mkono matangazo yaliyokwisha kuuza. Alieleza pia jinsi watu wanavyopanga barua zao wakiwa wamesimama karibu na pipa la taka: huku zile zinazoonekana zimetoka kwa mtu, ambazo lazima zifunguliwe, na kule zile zinazoonekana ni tangazo, ambazo husubiri au hutupwa moja kwa moja. Aliyasema hayo kuhusu bahasha za karatasi, lakini mimi niliona kikasha cha barua pepe cha simu yangu, na kidole gumba changu kikifuta barua asubuhi ndani ya matatu kabla hatujafika Clock Tower.

Ya kwanza kuinakili ilikuwa barua ya Halbert mwenyewe, iliyouza historia na nembo za koo kwa familia zenye jina fulani la ukoo. Ni barua fupi, ya ukurasa mmoja, na haina kelele hata kidogo. Inasomeka kama jirani anayekupasha habari kwamba amegundua jambo juu ya jina lako. Ukiisoma kwa macho unaipita kwa dakika mbili. Ukiiandika kwa mkono unalazimika kukaa ndani ya kila sentensi, na hapo ndipo nilipong'amua kwamba mwandishi hakuisifu bidhaa yake kwa maneno makubwa, bali alichagua kwanza nani atamwandikia, na barua ikajiandika kutokana na uchaguzi huo.

Ya pili ni ile ninayoipenda kuliko zote, barua ya mwandishi wa matangazo Martin Conroy ya kutafuta wasomaji wa gazeti la Marekani la Wall Street Journal, ambayo ilitumika kuanzia mwaka 1975 hadi 2003. Inasimulia vijana wawili waliomaliza chuo kimoja siku moja, wakafanana karibu katika kila kitu, na miaka ishirini na mitano baadaye mmoja ni meneja wa idara ndogo na mwenzake ndiye rais wa kampuni hiyohiyo. Niliinakili mara nne. Mara ya kwanza niliona hadithi tu. Mara ya pili niliona kwamba gazeti halitajwi mpaka msomaji amekwisha kujiuliza yeye ni yupi kati ya wale wawili. Mara ya nne mkono wangu ulisimama mahali ambapo Conroy anakiri waziwazi kwamba hawezi kuahidi kuwa ukilisoma gazeti utafanikiwa papo hapo. Mtu anayeuza, katika barua iliyodumu miaka ishirini na minane, anaeleza kile asichoweza kuahidi. Nilikumbuka saa sita zangu, nikalia.

Kunakili ni nusu ya kazi. Nusu nyingine niliitoa kwa Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, ambaye alipokuwa kijana Boston alijifunza uandishi kwa kuchukua makala ya jarida la Spectator, kuandika dokezo fupi la kila wazo, kuliweka kando siku kadhaa, kisha kujaribu kuyaandika upya makala hayo na kuyalinganisha na asili. Mimi nilifanya hivyo kwa barua pepe. Jumatatu nilinakili, Jumanne niliandika vidokezo, Ijumaa nilifunga daftari na kuiandika barua upya bila kuchungulia, kwa Kiswahili, na juu ya kitu ninachokijua mimi. Pengo kati ya barua yangu na yake ndilo lililokuwa somo langu la wiki. Hakuna kozi ingeweza kunionyesha pengo hilo, kwa sababu lilikuwa langu peke yangu.

Baada ya hapo niliwageukia walio hai. Nilifungua anwani mpya ya Gmail isiyo na kazi nyingine, nikajiandikisha kwa wauzaji kumi na wanne, na kwa miezi mitatu nikaandika katika daftari la pili kichwa cha kila barua, sentensi ya kwanza, na jambo moja wanalomwomba msomaji afanye. Niliona kwamba walio bora huomba jambo moja tu, hata kama kiungo chake kinarudiwa mara tatu. Niliona kwamba huweka neno zito mwanzoni mwa kichwa, kwa sababu simu hukata kilichobaki. Niliona pia uongo. Mmoja wao alikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma, ikionyesha dakika kumi na tano za mwisho za punguzo. Niliacha ikafika sifuri, kesho yake nikafungua kiungo kilekile kwa simu ya mama, na zile dakika kumi na tano zilikuwa zimeanza upya. Huyo ndiye niliyemuiga Januari 2021, naye hakustahili kuigwa na mtu yeyote.

Ndiyo maana namwambia dada yangu wa Arua achague kwa makini wa kumsoma. Kishindo kilicho rahisi kuiga hakikufai. Tafuta barua ambayo mwandishi wake anamwona msomaji. Nikisema kumwona nina maana ya jambo analolieleza mwandishi wa matangazo Eugene Schwartz katika kitabu chake cha mwaka 1966, kwamba wasomaji hawasimami mahali pamoja: yuko asiyejua hata kwamba ana shida, yuko anayeijua shida lakini hajui kama ina dawa, yuko anayejua dawa ipo lakini hajaijua yako, yuko anayeijua yako lakini hajashawishika, na yuko aliyekwisha kuwa tayari ambaye anasubiri bei tu. Mimi niliwaandikia watu wa hatua zote tano kana kwamba wote walikuwa wamesimama mlangoni na pesa mkononi.

Mwaka huu kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa wa Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kiliniomba niwaandikie barua za kuuza kahawa iliyokaangwa kwa wateja wao wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Nilipanda kwenda kuwaona. Mama anayewaongoza alinionyesha jinsi wanavyochuma tunda jekundu tu, wanavyolimenya siku hiyohiyo, wanavyoziacha buni zichachuke hadi utelezi ukatike, wanavyoziosha, kisha wanavyozianika juu ya vichanja ili zisiguse udongo. Alichota kiganja cha buni akaziokota zilizotobolewa na wadudu, moja moja, huku akiongea nami bila kuzitazama. Nikamwambia hayo ndiyo tutakayoandika. Akacheka: "Mwanangu, hayo mbona kila mtu hapa anafanya!"

Hapo nilimkumbuka Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa zamani wa Marekani. Alipopewa kazi ya kutangaza bia ya Schlitz alitembelea kiwanda, akashangazwa na jinsi chupa zilivyooshwa na hewa ilivyochujwa, na wenye kiwanda wakamwambia kwamba hivyo ndivyo watengenezaji wote wa bia wanavyofanya. Aliyaandika vilevile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaeleza wanywaji. Basi niliandika juu ya vidole vya yule mama. Kichwa kilikuwa "Buni alizozitupa mama", na chini kabisa nilieleza kwamba kahawa hii ni ya Arabika yenye uchachu kidogo, na anayependa kahawa nzito chungu huenda asiifurahie. Orodha ilikuwa na watu 612. Pakiti 240 zilikwisha kwa siku mbili, na watu kumi na tisa walijibu ili tu kumsalimu mama. Najivunia hilo na sitajifanya sijivunii.

Sasa wapo vijana wanaoniomba niwatumie barua hiyo waitumie kwa biashara zao. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Inakilini daftarini mpendavyo, hata mara kumi, lakini mnayoituma iwe yenu, iandikiwe watu mnaowajua, na wawe ni watu waliokubali kuandikiwa. Sheria yetu ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa, na tangu Februari 2024 Gmail inawataka wanaotuma kwa wingi waweke njia rahisi ya kujiondoa na waepuke kulalamikiwa kuwa watuma barua taka. Lakini hata pasingekuwa na sheria, upande wa pili wa anwani yupo mtu mwenye meza, na pengine mezani pana picha. Muulize kwanza amesimama wapi, ndipo umwombe kitu. Ukiona hujui amesimama wapi, usitume leo. Rudi kwenye daftari.

Dada wa Arua, vyeti viweke kabatini, havina kosa. Nunua daftari la kurasa 96 na uanze na ile ya vijana wawili. Kwa mwandiko wangu inajaza kurasa tano. Usiinakili yote kwa siku moja, mkono ukichoka macho huacha kuona. Utakapofika pale Conroy anapokiri asichoweza kuahidi, weka kalamu chini, unywe chai, kisha unitumie picha ya ukurasa huo na uniambie umeona nini.