Pavarotti na bahati ya mpira

Dada, umeuliza mbona Pavarotti, yule mwimbaji wa opera wa Italia, anajulikana mpaka hapa Ujiji, na Alfredo Kraus, mwimbaji mwenzake wa enzi hiyohiyo, hata wanakwaya hawamjui. Kipaji? Hapana, wapo wanaomwona Kraus fundi zaidi. Ni mpira! Kombe la Dunia la 1990 Italia, BBC walifungulia matangazo yao kwa rekodi ya Pavarotti, na mkesha wa fainali akaimba mjini Roma na waimbaji wenzake Domingo na Carreras.

Kwayani kwetu wapo wawili wa sauti ya tatu, wanalingana kabisa. Aliyewahi kurekodiwa redioni ndiye anayeitwa harusini hadi Kasulu. Mwenzake anauza dagaa Kibirizi. Akiimba huku anaanua, wateja wanasahau chenji.