Simama Kwanza, Ndipo Uvute

Kila anayeniuliza namna ya kutumia zumu ya kamera ndogo ya dijitali namjibu hivi: chagua kwanza mahali pa kusimama, ndipo uguse kitufe.

Zumu haikusogezi. Inakuchagulia tu kipande cha kile unachokiona kutoka hapo ulipo. Kinachobadilisha sura ya mtu ni umbali. Msogelee mtu na lenzi ikiwa pana kabisa, ambayo kwa kamera nyingi hizi ni sawa na lenzi ya milimita 24 au 28 kwenye kamera ya filamu (namba ikipanda, lenzi inavuta zaidi): pua inavimba, masikio yanajificha. Sasa rudi nyuma hatua kadhaa, uvute hadi kama milimita 80, kichwa kijaze sehemu ileile ya skrini. Uso umetulia, na mti uliokuwa mdogo kule nyuma umekuwa mkubwa kana kwamba umesogea. Ndiyo maana picha za nyuso karibu zote nazipiga nikiwa nimerudi nyuma.

Halafu ujue kwamba kamera moja ina zumu mbili. Ya kwanza ni ya vioo: lenzi yenyewe husogea, na picha inabaki na pikseli zake zote, yaani vile vidoti vinavyoiunda. Ya pili ni ya dijitali, na hiyo haivuti kitu. Inakata katikati ya picha na kuitanua. Kamera ya megapikseli 20 (pikseli milioni 20) ukiizidishia zumu ya dijitali mara 2, unabaki na megapikseli 5 za kweli, kwa sababu umetupa nusu ya upana na nusu ya urefu. Kamera nyingi huweka alama kwenye kipimo cha zumu kuonyesha vioo vinaishia wapi. Mimi zumu ya dijitali huizima kabisa kwenye menyu. Kukata naweza kukata baadaye kwenye kompyuta, nikiwa nimetulia.

Hata ya vioo ina gharama yake. Namba ya f hupima tundu la lenzi linalopitisha mwanga: ikipanda, tundu ni dogo. Lenzi inayoanzia f/3.5 ikafika f/6 mwisho wa zumu inapitisha theluthi moja hivi tu ya mwanga wa mwanzo, na wakati huohuo kila mtikisiko wa mkono unakuzwa. Kanuni ya zamani ya wapiga picha bado inafaa: ukiwa kwenye milimita 200, shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia) isiwe ya polepole kuliko 1/200 ya sekunde, labda kamera iwe na kizuia mtikisiko. Bana viwiko ubavuni, kisha bonyeza taratibu.

Mistari ya gridi, ile inayogawa skrini katika vipande, iwashe na uiache hapohapo. Haitokei kwenye picha. Wengi hufundishwa kuweka kitu kwenye makutano ya mistari, na si vibaya, lakini kwangu faida yake kubwa ni kunyoosha. Bahari iliyoinama upande mmoja inaharibu picha nzuri kabisa, na jicho peke yake halioni kosa hilo kwenye skrini ndogo juani. Linganisha mstari wa mlalo na maji, au wa wima na nguzo. Kisha pitisha jicho kwenye kingo zote nne: hapo ndipo utakuta mkono uliokatwa kwenye kifundo.

Ukivuta sana, ndege akihama tawi unampoteza. Baadhi ya kamera za zumu ndefu zina kitufe cha kusaidia: ukikishikilia, lenzi inarudi pana kwa muda na skrini inachora fremu ya pale ulipokuwa. Muweke ndege ndani ya fremu, achia, zumu inarudi palepale. Kama yako haina, punguza zumu, mtafute, uvute upya.

Na usibane fremu mno ikiwa utachapisha. Kamera ndogo nyingi hupiga kwa uwiano wa upana kwa urefu wa 4:3, ilhali karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3:2, hivyo juu na chini vitakatwa. Acha nafasi juu ya kichwa, au badilisha uwiano kwenye menyu kabla hujaanza kupiga.