Kisu cha springi na ala yake: mgawane vipi kazi mkiwa wawili

Ndugu, umeuliza mambo mawili: kama springi ya gari inafaa kwa kisu cha kazi za nyumbani na shambani, na mgawane vipi kazi wewe na shemeji, kwa kuwa yeye anashona ngozi na wewe una grenda na tanuri la mkaa. Nayajibu pamoja, maana kisu na ala hupimwa kwa kipimo kimoja. Sisi hufanya hivi wawili nyumbani, na makosa mengi hutokea pale mmoja anapomaliza ubapa peke yake kisha kumkabidhi mwenzake aushonee nguo.

Kabla ya kugusa chuma, chukueni boksi la viatu mchore kisu kwa ukubwa wake halisi. Kwa kuanzia, ubapa sentimita 10, mpini sentimita 11, upana sentimita 3. Kateni kwa mkasi, kila mmoja akishike. Shemeji aangalie jambo moja: je, ubapa una mahali palipo papana kuliko shingo, pale unapokutana na mpini? Kisu chenye tumbo pana mbele na shingo nyembamba hakishikwi na ala. Ukiibana ala shingoni, tumbo halipiti. Ukiipanua, kisu kinacheza. Kwenye boksi kasoro hiyo inaondoka kwa mkasi. Kwenye chuma kilichokwisha kutiwa maji, yaani kukazwa kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla, ni kusaga siku nzima.

Springi bapa inafaa, tena sana. Nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromu kidogo, kwa hiyo zinashika makali na hazivunjiki ovyo. Lakini springi ya zamani imepigwa na mashimo ya barabara miaka mingi, na inaweza kuwa na nyufa usizoziona. Isugue mpaka ing'ae, paka mafuta ya taa, acha dakika kumi, futa kabisa, kisha pakaza unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yatapanda na kuchora mstari mwembamba wenye unyevu juu ya chaki. Kipande hicho usikitumie, hata kama ufa ni mfupi kama ukucha. Jani, yaani kipande kimoja bapa cha springi, kama limeshakatika usilichukue karibu na pale lilipokatikia.

Kisha jaribu chuma chenyewe. Kata kipande cha ukubwa wa kidole, kipashe moto mpaka sumaku isikishike tena, kitumbukize kwenye mafuta, kibane kwenye jiliwa ukigonge kwa nyundo, ukiwa umevaa miwani. Kikikatika pu, na mahali palipokatika pawe na chembe laini za kijivu, umepata chuma. Kikipinda, tafuta kingine. Chembe zikiwa kubwa kama sukari, ulizidisha moto. Rudia na kipande kingine.

Jani la springi mara nyingi lina unene wa milimita 6 hadi 8 au zaidi, na kisu kinataka 3 hadi 4 mgongoni. Kulikondesha kwa kufua ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika koleo na nyundo ya kilo moja, mwingine nyundo ya kilo tatu. Nyundo ndogo inagonga kuonyesha mahali, kubwa inafuata palepale. Nyundo ndogo ikilazwa juu ya fuawe, maana yake simama. Msitegemee kusemeshana, kelele ni nyingi. Gongeni chuma kikiwa na rangi ya chungwa. Kikififia kuwa chekundu cheusi, kirudisheni motoni, kwa sababu chuma kilichopoa kinapasuka ndani kwa ndani. Kikianza kurusha cheche kama fataki kimeungua, na sehemu hiyo ni ya kukata na kutupa.

Kabla ya kutia maji, toboa msuka, yaani sehemu ya chuma inayokaa ndani ya mpini, matundu mawili ya milimita 5 kwa ajili ya pini za shaba nyeupe. Ukisahau, baadaye drili itateleza. Acha ukingo wa makali ukiwa na unene wa milimita 1.5, ukiukondesha sasa, utajikunja au kupasuka. Halafu pasha kisu mpaka sumaku iachie, kiache kipoe hewani mahali pasipo na upepo mpaka kiwe cheusi, na urudie mara tatu. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, kisha wanashangaa kisu kimetoka kwenye mafuta kimepinda kama ndizi.

Kutia maji tunasema kwa mazoea, lakini springi msiitie maji ya kisima. Maji huipoza kwa ghafla mno, utasikia “ti!” na kisu kimekwisha. Tumieni mafuta ya kupikia, lita nne kwenye chombo kirefu cha chuma, yakiwa na joto la nyuzi 50 hadi 60. Mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole. Fanyeni kazi jioni kwenye giza kidogo ili rangi ionekane. Sumaku huachia karibu na nyuzi 770. Endelea kidogo mpaka wekundu ung'ae zaidi, kama nyuzi 830, kisha ingiza ncha kwanza, wima, ukisogeza kisu kuelekea upande wa makali na wa mgongo. Usikipunge kwa upande wake mpana, kitapinda. Mwenzako asimame na mfuniko wa bati na ndoo ya mchanga, maana mafuta yanaweza kuwaka. Wote wawili mvae pamba. Kitambaa cha nailoni kinayeyukia kwenye ngozi ya mtu.

Kikipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kisu ni kigumu, na kwa sasa kinavunjika kama kioo vilevile. Usikiangushe. Kisugue kidogo kipate kung'aa, kiweke ndani ya oveni nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Rangi inayotakiwa ni ya majani makavu au asali nyepesi. Kipimajoto cha oveni za nyumbani hudanganya, kwa hiyo amini rangi. Zambarau au buluu ni ugumu wa panga, na kisu cha jikoni chenye rangi hiyo kitaomba kunolewa kila siku. Baada ya hapo, kila unapokisaga kwa grenda shika bila glavu na uwe na ndoo ya maji karibu: kidole kikisema moto, chovya.

Kwa mpini, mninga ni rahisi kwa anayeanza. Mpingo unapendeza na hauchakai, lakini una mafuta yake. Gundi ya mchanganyiko wa mirija miwili haishiki mpaka uufute kwa asetoni na kugandisha papo hapo. Vumbi lake linawasha kifua na macho, kwa hiyo vaeni barakoa nzuri wote mlio ndani ya chumba, hata asiyesaga. Kwaruza msuka kwa msasa namba 60, paka gundi, bana mbao za mpini kwa nguvu ya kiasi. Ukibana kupita kiasi gundi yote inatoka pembeni, na mbao zitaachia kisu kikilowa mara chache.

Sasa ala, na hapa shemeji ndiye mkuu. Ngozi iwe ya milimita 3, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kama ya mkoko. Ngozi ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu, ile laini ya mikoba na viatu, hubaki na chumvi zinazofanya chuma kishike kutu, wala haishiki umbo ikilowekwa. Mkiwa na shaka, tazameni ukingo uliokatwa: ukiwa na rangi ya kijivu-buluu katikati, ni kromu. 

Mpeni shemeji kisu chenye mpini uliokamilika lakini makali bado butu. Kunoa ni kazi ya mwisho kabisa, baada ya ala, kwa sababu kisu kitaingia na kutoka mara ishirini kikifungwa mkanda wa karatasi. Na kuanzia hapo aliyefua asiguse tena shingo wala mgongo kwa grenda. Nusu milimita ikiondoka, ala iliyoshonwa kwa kubana inalegea.

Kati ya kuta mbili za ngozi, upande wa makali, kuwe na ukanda wa ngozi wenye upana wa milimita 10 na unene unaolingana na mgongo wa kisu. Makali yagonge ukanda huo, yasifike kwenye uzi. Ala isiyo na ukanda hukatwa nyuzi kutoka ndani, na siku moja ncha inatokea ubavuni kwa mvaaji. Toboeni kwa msharasi kila milimita 4, milimita 4 kutoka ukingoni. Uzi uliopakwa nta uwe na urefu mara nne ya mstari wa mshono, sindano mbili, moja kila upande, zikipishana kwenye tundu lilelile. Mshono wa upande mmoja ukikatika, wa pili unashikilia. Mwishoni rudini nyuma matundu matatu.

Lowekeni ala kwenye maji ya vuguvugu dakika tano, fungeni kisu kwa nailoni ya kufungia chakula, kiingizeni, halafu bonyezeni kwa dole gumba kufuata shingo na mwanzo wa mpini. Toeni kisu taratibu, ala ikauke kivulini siku nzima au mbili. Juani inakakamaa na kusinyaa. Pwani ongezeni tundu dogo kwenye ncha ya ala maji yapate njia, na kisu kisilale ndani ya ala: kipakwe mafuta ya nazi, kining'inizwe peke yake.

Mkimaliza, geuzeni ala kichwa chini juu ya kitanda cha mchanga mtikise mara tatu. Kisu kikidondoka, lowesheni mdomo wa ala tu, rudisheni kisu, bonyezeni upya pale shingoni, na muache ukauke.