Maswali ya Wasomaji: Nyasi za Uani Zikatwe kwa Kimo Gani, na Majira Gani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu nyasi za uani, na karibu zote zinalalamikia jambo moja kwa sura tofauti, yaani nyasi zilizokatwa kwa nia njema zikaishia kukauka. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaishi Goba, Dar es Salaam, na uani kwangu nimepanda nyasi za Pemba. Mwishoni mwa Mei nilimwagiza kijana anayenisaidia azifyeke hadi chini kabisa, ili tukae muda mrefu bila kuzikata tena. Sasa ni Agosti na karibu nusu ya eneo ni udongo mtupu, ingawa tunamwagilia kila jioni. Je, huu ni ugonjwa, au nyasi zimezeeka?

JIBU: Si ugonjwa wala uzee, Ndugu Msomaji. Nyasi za Pemba, zile zenye jani pana lenye ncha butu, hutambaa kwa mashina yanayolala juu ya udongo, na hazina mashina ya chini ya ardhi kama yale ya ukoka. Inua shina moja katika sehemu iliyosalimika, nawe utaona kwamba kila kifundo kimeteremsha mizizi yake na kutoa chipukizi lake. Hapo ndipo uhai wote wa mmea ulipo. Fyekeo lililopita sawa na ardhi liliondoa majani pamoja na sehemu kubwa ya mashina hayo, tena wakati mvua za masika zilikuwa zinaaga, kwa hiyo mabaki machache yaliyosalia yalikutana na miezi ya ukavu bila majani ya kuyatengenezea chakula. Ukoka ukitendewa hivyo hununa kwa wiki kadhaa, kisha huchomoza upya kutoka chini. Nyasi za Pemba hazina pa kuchomozea.

Sehemu iliyobaki iachwe irefuke hadi sentimita 9, ndipo ikatwe ibaki na 6. Kanuni ya watunza bustani ni kwamba mkato mmoja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi, kwa kuwa mizizi hufupika kila majani yanapopunguzwa kwa ghafla. Ukitumia fyekeo, kimo hicho hutegemea mkono wa mkataji na siku yake ilivyo. Mashine yenye magurudumu yanayorekebishika ni afadhali, hata ikiwa ya kukodi.

Kuhusu maji, kumwagilia kidogo kila jioni huifundisha mizizi kubaki juu, na majani yanayolala na unyevu usiku kucha hukaribisha ukungu. Mwagilia alfajiri, mara moja au mbili kwa wiki, lakini kwa wingi. Nyasi huhitaji kiasi cha milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa joto, na kwa eneo la mita za mraba 100 hizo ni lita 2,500, sawa na ndoo 125 za lita 20. Kwa mtu anayenunua maji ya gari hesabu hiyo inatisha, na kwa maoni yangu si aibu kumwagilia sehemu ya mbele tu.

Mapengo yajazwe vuli itakapoanza, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Chukua vipande vya mashina vyenye vifundo vitatu au vinne, uvipande kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20, ukifukia vifundo viwili na kuacha majani juu. Mbolea isubiri hadi vipande vishike. Hapo kilo 1 ya urea kwa mita za mraba 100 inatosha, inyunyizwe juu ya majani makavu na kumwagiliwa papo hapo, kwani punje zinazokaa juu ya jani huliunguza.

SWALI: Bwana Mshauri, hapa Limuru nina nyasi za Kikuyu ambazo zimekuwa kama godoro, ukizikanyaga, mguu unadidimia. Kila ninapozikata kwa mashine hubaki rangi ya kahawia, hata mvua ikiwa nyingi. Je, nizing'oe nipande aina nyingine?

JIBU: Usizing'oe. Aina hiyo ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, na imesafirishwa hadi Australia na California, ambako wengine huisifu na wengine huipiga vita kama gugu. Kwako iko nyumbani, na shida yako ni ushibaji kuliko njaa.

Kata kipande kidogo kwa panga, kama unavyokata keki, ukitazame ubavuni: juu utaona majani mabichi, katikati tabaka la mashina makavu yaliyosokotana, na chini udongo. Tabaka hilo likizidi sentimita 2 au 3, kisu cha mashine hukata majani yote ya juu na kufichua mashina hayo, na ndiyo kahawia unayoiona. Dawa yake ni mkato mzito, ambao nyasi za Kikuyu huuvumilia kwa sababu zina mashina juu ya udongo na chini yake pia. Teremsha kimo cha mashine hatua kwa hatua katika mikato miwili au mitatu, kwangua kwa reki ya chuma, ondoa takataka, kisha weka kilo 2 za mbolea ya CAN kwa mita za mraba 100.

Majira ndiyo yanayoamua yote hapa. Kazi hii hufanywa mvua ndefu zikishatulia, Machi au Aprili, wala si Julai, wakati baridi ya Limuru inapozizuia nyasi kuota. Mvua zikichelewa, nawe chelewa. Baada ya hapo dumisha sentimita 4, ukikata kila zifikapo 6, jambo ambalo katika miezi ya mvua huweza kumaanisha kila wiki.

SWALI: Niko Morogoro. Katikati ya ukoka wangu kumeota kitu kama nyasi, lakini kinarefuka haraka kuliko ukoka. Tukikingʼoa kinarudi maradufu. Ni nini?

JIBU: Viringisha shina lake kati ya vidole, ukihisi kingo tatu, hiyo ni ndago. Chini ina viazi vidogo vilivyoungana kama mnyororo, na ukivuta shina mnyororo hukatika, kila kiazi kikaanza maisha yake. Dawa ya magugu ya glifosati itaua na ukoka wako pia. Iko dawa teule, yaani inayoua ndago na kuuacha ukoka, yenye kiambato cha halosulfuroni, ambayo inunuliwe kwa muuzaji wa pembejeo aliyesajiliwa na kutumiwa kama lebo inavyoelekeza. Wakati huohuo inua kimo cha kukatia ukoka kutoka sentimita 2 au 3 hadi 4, kwa sababu ndago haipendi kivuli, na ukague udongo wowote unaoletewa kabla ya kuumwaga uani, maana mara nyingi viazi hivyo huingia kwa njia hiyo.

SWALI: Je, majani yaliyokatwa yaachwe au yakusanywe? Na kwa nini ncha za nyasi zangu hugeuka nyeupe siku moja baada ya kukatwa? Msomaji wa Tanga.

JIBU: Yakiwa mafupi yaachwe, kwani huoza upesi na kurudisha naitrojeni ardhini, yakiwa marefu au yameganda kwa maji, yakusanywe yapelekwe kwenye mboji. Ncha nyeupe ni dalili ya kisu butu, kinachochana jani badala ya kulikata. Chomoa waya wa plagi kwanza, fungua kisu, kinoe kwa tupa pande zote mbili kwa kiasi sawa, kisha kining'inize kwenye msumari kwa tundu lake la katikati; upande unaoinama ndio unaohitaji kupunguzwa zaidi.