Tuongeze kozi gani? Jibu kwa mkuu wa chuo cha ufundi Sengerema

SWALI: Naongoza chuo kidogo cha ufundi stadi cha binafsi wilayani Sengerema. Tuna ushonaji, useremala, umeme wa majumbani na uchomeleaji. Wahitimu wengi wanarudi nyumbani na vyeti vyao wanakaa. Mwakani tunamudu kozi moja mpya tu. Wajumbe wengine wa bodi wanataka kompyuta, wengine wanasema mgodi unakuja, tufundishe mitambo mikubwa. Tutajuaje soko la hapa linataka nini bila fedha za kumlipa mtafiti? Na ushonaji tuufute?

JIBU: Habari za kazi, Mwalimu. Naanza na jambo ambalo vyuo vingi hulifanya kwa nia njema lakini halisaidii: kuitisha mkutano wa waajiri na kuwauliza wanataka kozi gani. Mwajiri akiulizwa hivyo hutaja majina anayoyasikia kila siku, kompyuta, mitambo, umeme. Hajakudanganya. Umemuuliza kitu asichokishughulikia. Yeye anashughulika na mashine iliyosimama na mzigo unaoharibika, basi muulize hivyo.

Chukueni daftari, wewe na walimu wawili, mtumie likizo. Watu thelathini hadi arobaini wanatosha kwa wilaya yako: wenye mashine za kusaga, gereji za pikipiki, wanunuzi wa samaki mialoni (pale mitumbwi inaposhusha samaki), wasimamizi wa pampu za maji, wenye nyumba za wageni, wakandarasi, mtu wa matengenezo wa hospitali. Kila mmoja aulizwe: mwaka uliopita, ni kazi gani ulimlipa fundi aliyetoka nje ya Sengerema? Ulimlipa kiasi gani? Kitu gani kimekaa kibovu kwa kukosa mtu? Fundi gani ulimwachisha, na alishindwa wapi? Omba uonyeshwe risiti. Maoni hubadilika kufuatana na anayeuliza, lakini risiti ina tarehe, kiasi na jina la aliyeitwa.

Andika kazi yenyewe, usiandike fani. Ukiandika "umeme" hujapata kitu. Ukiandika "mota ya mashine ya kusaga iliungua, fundi akaitwa kutoka Mwanza, siku tatu bila kusaga", hapo una pa kuanzia.

Mwaloni ndiko nakuomba ukae zaidi. Wavuvi wa dagaa walizoea karabai, na sasa wengi wanatumia taa za sola na betri. Uliza betri hizo zinadumu muda gani na zikizimika nani anazitengeneza. Betri ya risasi na asidi ikinyonywa mpaka chini kila usiku, kisha ikachajiwa nusunusu mchana, hufa kabla ya wakati wake, na mwenye mtumbwi hununua nyingine akidhani ameuziwa feki. Kijana wako wa umeme wa majumbani anajua kuvuta nyaya za volti 230, swichi na soketi. Je, anajua kupima betri ya volti 12, kuchagua unene wa waya ili umeme usipotee njiani, na kuipanga chaji kontrola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya betri? Kama hajui, tiba si kozi mpya. Ni wiki kadhaa za kuongeza ndani ya kozi uliyonayo, kwa vifaa vya bei ndogo. Hali ni hiyohiyo kwa injini za mitumbwi. Mara nyingi utagundua kwamba pengo ni la kazi nne au tano ambazo fani mnayoifundisha haijazigusa, na hapo utakuwa umeokoa fedha za jengo zima.

Kazi ambazo hazina fani ya kuzibeba ndizo zitakazokuonyesha kozi mpya. Nikilazimika kubashiri kabla ya kuona daftari lako, ningeegemea ubaridi, yaani majokofu, vyumba vya baridi na mashine za barafu. Sangara hawezi kusubiri fundi. Duka la dawa, bucha, nyumba ya wageni na muuza soda nao wanategemea baridi hiyohiyo. Ila usiwaahidi vijana viwanda vya samaki vya Mwanza moja kwa moja. Mitambo yao mikubwa kwa kawaida hutumia amonia, gesi yenye sumu inayotaka mafunzo ya usalama ambayo chuo kinachoanza kozi hiyo hakina. Anza na mitambo midogo. Daftari likisema vingine, lifuate daftari.

Sasa mgodi. Mradi wa dhahabu wa Nyanzaga umo wilayani kwako, kwa hiyo bodi ina haki ya kuufikiria. Lakini ujenzi wa mgodi huajiri wengi kwa muda, na uzalishaji ukianza hubaki kazi chache zenye viwango vya juu. Mitambo mikubwa ni ghali kuinunua na ghali kuitunza. Mafunzo ya ufundi wa migodini yaliyoanza VETA Moshi mwaka 2009 yalisimama imara kwa sababu kampuni za migodi zilikaa mezani na kuwachukua wanagenzi, wakawa wanajifunza chuoni na mgodini kwa zamu. Bila mwajiri wa kuwapokea vijana wako kwa zamu, usiiguse kozi hiyo. Badala yake pandisha uchomeleaji. Fundi wa mageti na madirisha akipewa jaribio la bomba lililofungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, asiloruhusiwa kulizungusha, hushindwa kama hajalizoea. Hilo mnaweza kulifundisha kwa mashine mlizonazo, vipande vya bomba na mwalimu aliyelifanya kazini.

Kompyuta isiwe kozi ya kujitegemea. Kila mwanafunzi ajifunze kuandaa ankara na makadirio ya kazi, basi.

Liko jambo ambalo bodi nyingi hulisahau: kuhesabu. Daftari likionyesha kazi za kuwalisha mafundi kumi na wawili, usisajili arobaini kwa sababu madarasa yanatosha. Na hesabu hiyo isiishie mipaka ya wilaya. Daraja la Kigongo–Busisi, la takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Zamani kivuko kilimlinda fundi wa Sengerema bila yeye kujua. Leo fundi wa Nyakato, Mwanza, anavuka asubuhi na vifaa vyake na kurudi kwake jioni. Kijana wako naye anaweza kufanya kazi Mwanza mjini, lakini atapimwa na watu wa mjini.

Mkishaichagua fani, kabla ya taratibu za NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, kaeni siku mbili na mafundi sita hadi kumi wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Wasiwe mameneja, wala walimu. Wafidie kipato cha siku hizo. Waorodheshe kila kazi wanayoifanya, wapange ipi ni ya kila wiki na ipi ikikosewa inaua mtu au inaharibu mtambo. Njia hii inaitwa DACUM, ilianzia Kanada miaka ya 1960, na haihitaji zaidi ya karatasi na ukuta wa kuzibandika. Kila kazi iliyoandikwa pale iwe jaribio la vitendo.

Ushonaji usiufute. Punguza idadi ya mnaowapokea na badilisha mnachokishona. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinautaka mgodi utangulize bidhaa na huduma za hapa nchini, na ovaroli ni mojawapo ya vitu vinavyochakaa haraka. Ovaroli inataka mshono maradufu, zipu nzito na kitambaa kigumu ambacho cherehani ya nyumbani hukishindwa. Kabla ya kununua cherehani nzito, mtume mwalimu wa fani kwa wakandarasi walio eneo la mradi na ovaroli moja iliyoshonwa chuoni, awaulize wangeikataa kwa sababu gani.