Maswali yenu: mizani ya pamba na siasa za Usukumani

Shikamoo. Babu yangu hapa Magu kila msimu wa pamba husema, "Sisi tulianza na mizani." Ana maana gani?

Marahaba. Babu yako anasema kweli. Zamani mkulima alipeleka pamba kwa mnunuzi, mara nyingi mfanyabiashara wa Kiasia, na aliyesoma mizani na kutaja ratili (kipimo cha uzito cha zamani) alikuwa mnunuzi huyohuyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe. Unapima kwanza kwa mwenzako, unaambiwa ratili zako, ndipo unaingia kwa mnunuzi na hesabu yako kichwani. Akitaja pungufu, mnabishana mbele ya watu. Kwangu mimi hayo ni mapinduzi, ingawa hakuna aliyeshika bunduki.

Nani aliongoza? (Nyamagana)

Jina kubwa ni Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana kuwa shirikisho la Victoria, likaja kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha.

TANU inaingiaje hapo? (Geita)

Kwa mlango wa pamba. Tangu 1954 hadi 1958 wakoloni walizuia matawi ya TANU Jimbo la Ziwa, lakini vyama vya pamba viliendelea kukutana, na wengi waliokaa humo walikuwa TANU moyoni. Kwenu Geita, serikali ya kikoloni ilipolazimisha baraza la mseto, yaani la watu wa rangi mbalimbali, mwaka 1958, mamia walifika hadi Mwanza kupinga. Walikuwa wamekwisha kuzoea kudai haki yao kwa pamoja.

Kwa nini ushirika huo ulidhoofika? (Ukerewe)

Ulaji wa fedha za wakulima ulikuwepo, sikatai, na wakulima wenyewe walilalamika. Lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu nchi nzima, kazi zao zikaenda kwa vijiji na mamlaka za mazao. Mkulima aliyejijengea chombo chake akanyang'anywa bila kuulizwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Sheria ya 1982 ilivirudisha, ila nguvu ile ya kwanza haikurudi.

Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) Misungwi. Wakulima wananong'ona kwamba mizani yetu imechezewa. Nifanyeje?

Usikasirike, ndugu yangu. Wanafanya walichofanya babu zao. Hakikisha mizani ina stika hai ya Wakala wa Vipimo. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, weka juu yake jiwe la kilo zinazojulikana, wote waone. Geuza uso wa mizani umwelekee mkulima, asome namba mwenyewe, na asiondoke bila stakabadhi mkononi.